Kumpakia mtoto mdogo kwenye baiskeli: mwongozo wa hatua kwa hatua

Muulize mtu yeyote anaogopa nini kumpakia mtoto kwenye baiskeli, atakutajia magari. Magari ni ya kuogopwa kweli, hilo halina ubishi. Lakini ajali nyingi za watoto wanaobebwa hazihusu gari hata kidogo. Baiskeli imeegeshwa, mtoto yumo kitini, mzazi kageuka kufunga mlango, mara baiskeli inalala chini pamoja na mtoto. Au mguu mdogo unanasa kwenye spoku za gurudumu la nyuma wakati baiskeli inakwenda taratibu kabisa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu baiskeli iliyosimama. Barabarani tutafika.

1. Hakikisha mtoto mwenyewe yuko tayari

Watengenezaji wengi wa viti vya baiskeli huweka kiwango cha chini cha miezi 9 na uzito wa kilo 9. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, wao wanasema asibebwe kabisa kwenye baiskeli kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mimi nafuata huo wa mwaka mmoja, kwa sababu miezi mitatu ya kusubiri haimpunguzii mtu kitu.

Hata hivyo umri peke yake hautoshi. Mkalishe sakafuni bila kumwegemeza popote, mvalishe helmeti, kisha mwache acheze. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na helmeti inaongeza gramu mia mbili, mia tatu hivi. Akikaa wima robo saa nzima, anageuza shingo huku na huku, hainamii mbele wala haangukii ubavu, shingo yake imekomaa. Kichwa kikianza kulegea, mpe mwezi mwingine kisha umjaribu tena. Kama alizaliwa njiti, au ana tatizo lolote la misuli au mifupa, muulize daktari wake kwanza.

Kuna wanaomfunga mtoto mgongoni au kifuani kwa kitambaa kisha wanapanda baiskeli. Usifanye hivyo. Ukianguka, mtoto ndiye atakayekuwa kati yako na lami.

2. Chagua atakaa wapi

Njia za kumbeba ni nne: kiti cha mbele, kiti cha nyuma, tela, na baiskeli ya mizigo.

Kiti cha mbele hukaa kati yako na usukani. Mtoto anaona njia, mnaongea, na ukitupa jicho chini unamwona. Watoto wengi hukipenda kuliko vyote. Ubaya wake ni kwamba kinakuwa kidogo upesi, kwa kawaida mtoto akifika kilo 15, na kabla ya hapo kichwa chake huwa kimeshaanza kukugonga kidevu. Vilevile utalazimika kupanua magoti unapopiga pedeli, na upepo wote unampiga yeye usoni.

Kiti cha nyuma ndicho cha kawaida zaidi, na vingi huhimili mtoto wa hadi kilo 22. Vipo vya aina mbili. Aina ya kwanza hushikwa na kibano kwenye bomba la fremu lililo chini ya siti, na vyuma viwili vinavyonesa hukiinua kiti juu ya gurudumu, hivyo mtikisiko wa barabara unapungua kabla haujafika kwenye uti wa mgongo wa mtoto. Aina ya pili hufungwa moja kwa moja juu ya keria. Hapa ni lazima upige hesabu: keria iliyoandikwa kilo 25, ukiweka kiti cha kilo 4, zimebaki 21 kwa mtoto pamoja na viatu, helmeti, na chochote alichoshika mkononi. Keria isiyoandikwa uzito wowote usiiamini. Hata ile iliyoandikwa, hakikisha inaruhusu kiti cha mtoto. Kubeba kilo 25 za mzigo uliotulia si sawa na kubeba kilo 20 zinazorukaruka.

Kwa mtoto mmoja na baiskeli ya kawaida, ningechukua kiti cha nyuma cha kufunga kwenye fremu bila kufikiria mara mbili.

Tela, lile gari dogo la magurudumu mawili linalovutwa nyuma, lina faida moja kubwa: baiskeli ikianguka, tela kwa kawaida hubaki limesimama, kwa sababu kiungo chake kinazunguka. Watoto wako chini, wana mikanda, wana paa, na wanaweza kukaa wawili. Lakini ni pana kuliko usukani wako, kwa hiyo linaweza kukwaruza mlingoti ambao wewe umeupita salama. Ukikata kona kwa kasi na gurudumu la ndani likapanda ukingo wa barabara, linapinduka. Halafu liko usawa wa moshi wa magari na chini ya usawa wa macho ya madereva. Bendera ndefu inayokuja nalo iweke kila safari. Tela ni zuri kwenye njia za baiskeli na barabara tulivu. Kwenye msongamano wa magari silipendi.

Baiskeli ya mizigo, iwe ya sanduku mbele kama zile wanazoziita bakfiets kule Uholanzi au yenye mkia mrefu nyuma, hufaa familia ya watoto wawili au watatu inayotumia baiskeli kila siku. Ni nzito na ni ghali, lakini imeundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo: breki, fremu, na stendi pana isiyoyumba.

Ukinunua kiti, tafuta maandishi ya EN 14344, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha viti vya watoto vya baiskeli. Kando yake utaona herufi na namba. A22 ni kiti cha nyuma cha mtoto wa kilo 9 hadi 22. A15 ni cha nyuma pia ila kinaishia kilo 15. C15 ni cha mbele, hadi kilo 15. Kwa tela kiwango chake ni EN 15918. Kiti cha gari kilichofungwa kwa kamba juu ya keria hakina kiwango chochote, hata kama kamba ni mpya.

Kiti cha mitumba si kibaya, ila kikague juani. Plastiki iliyokaa nje miaka mingi hupauka na kuwa na vumbi jeupe ukiisugua kwa kidole. Hiyo imeshaanza kuwa kavu na inaweza kupasuka. Kunja sehemu za kuwekea miguu, vuta kila mkanda kwa nguvu, funga na kufungua kifungio mara kadhaa. Skrubu moja ikikosekana, usiipachike nyingine iliyo karibu nayo kwa ukubwa.

3. Kagua baiskeli yenyewe

Baiskeli iliyokuwa ikikubeba wewe tu sasa inabebeshwa kilo kumi na tano au ishirini zaidi, na nyingi ya hizo zinakaa juu na nyuma. Anza na breki: zote mbili ziwe zinashika kabla kishikio hakijafika karibu na usukani. Gurudumu la nyuma lizungushe polepole huku ukibana spoku mbili mbili kwa vidole. Inayolegea au iliyokatika utaihisi, na hiyo irekebishwe kabla mtoto hajapanda. Tairi lijaze upepo hadi karibu na kikomo cha juu kilichochapwa ubavuni mwake. Tairi laini chini ya mzigo hubonyea na kuifanya baiskeli iyumbe kwenye kona.

Fremu za kaboni hazifai kufungiwa kibano cha kiti. Nayo baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda chini, inakulaza mbele mno kiasi kwamba kuangalia nyuma ni kazi. Iliyo nzuri zaidi ni ile yenye bomba la juu lililoshuka, unayoipanda kwa kupitisha mguu mbele. Utaelewa kwa nini mara ya kwanza utakapojaribu kurusha mguu nyuma na kukuta kichwa cha mtu.

Siti yako ina springi chini? Ifunike au ibadilishe. Vidole vya mtoto aliyekaa nyuma vinafika pale vizuri sana, na springi hufunga kila unapokaa.

4. Funga kiti

Soma karatasi iliyokuja nacho, kwa kuwa kila kiti kina vipimo vyake. Kuna mambo mawili, hata hivyo, yanayohusu karibu viti vyote vya nyuma. La kwanza, ubavuni mwa kiti kuna alama inayoonyesha kitovu cha uzito. Alama hiyo isizidi sentimita 10 nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Ikizidi, mbele ya baiskeli inakuwa nyepesi, na kwenye mlima usukani utakuponyoka. La pili, baada ya safari mbili tatu za kwanza rudi na spana ukaze tena. Vibano vipya hulegea vikishazoea mahali pake.

Kisha shika kiti kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu huku na huku, kama mtu anayejaribu kukiiba. Baiskeli nzima ndiyo itikisike, si kiti peke yake.

5. Miguu

Hili nimelipa kichwa chake kwa makusudi. Jeraha la mguu kunaswa kwenye spoku ni la kawaida mno kwa watoto wanaobebwa, na ni baya: kisigino huchunika, wakati mwingine na mfupa huvunjika, kwa mwendo ambao mzazi hata hakuuona kuwa mwendo. Mara nyingi mtoto alikuwa amekalishwa kwenye keria tupu. Huyo hana pa kuegemeza miguu, naye akichoka huiachia ining'inie. Kumkalisha kwenye bomba la juu la fremu ni vilevile, ila hapo mguu unaingia gurudumu la mbele, na baiskeli inapiga mwereka papo hapo.

Kiti kizuri kina ukuta wa plastiki unaoshuka kandokando ya miguu, na pa kukanyaga penye mkanda wa kufunga wayo. Funga mkanda huo kila safari, hata ya kwenda hapo jirani tu. Rekebisha kimo cha pa kukanyaga kila baada ya miezi michache, kwa sababu mguu ukirefuka magoti hupanda juu na mtoto huanza kuutoa mkandani. Kwenye baiskeli yenye mkia mrefu, au yoyote ambayo mtoto mkubwa kidogo anakaa bila kiti kamili, funika spoku kwa wavu au ubao wa plastiki kutoka kwenye madigadi hadi chini karibu na ekseli.

Kamba za viatu zifungwe fupi au zichomekwe ndani. Mtandio, skafu, na mikanda ya koti inayoning'inia, vua au chomeka. Na nguo yako mwenyewe pia, kwa sababu ncha ya koti lako ndiyo inayokaa karibu na mikono yake na gurudumu.

6. Helmeti

Ikae mlalo, ukingo wa mbele ukiwa upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio. Chini ya kidevu kibaki kidole kimoja. Akipiga miayo, helmeti ivutike chini kidogo. Isipovutika, mkanda umelegea.

Kosa ambalo wengi hawalioni liko nyuma. Mweke mtoto kitini akiwa na helmeti, kisha mtazame kwa ubavu. Ikiwa sehemu ya nyuma ya helmeti inagonga mgongo wa kiti, kichwa kinasukumwa mbele na kidevu kinaelekea kifuani. Hawezi kukaa hivyo nusu saa. Tafuta kiti chenye mbonyeo wa kuingiza helmeti, au helmeti iliyo bapa kwa nyuma. Nywele zilizofungwa fundo kisogoni nazo huleta tatizo hilo hilo, zishushe.

Mkifika penye bembea na vyuma vya kukwea, mvue. Helmeti ikikwama kwenye uwazi mwembamba na mwili ukapita, mkanda unamkaba shingo. Na helmeti iliyowahi kupigwa kwenye ajali haivaliwi tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Mvalishe na wewe uvae. Mtoto wa miaka miwili ana hoja nzuri sana anapouliza mbona wewe huna.

7. Fanya mazoezi na mfuko

Kabla mtoto hajapanda, funga kitini mfuko wa mchanga au mchele wenye uzito kama wake, ukitumia mikanda yote. Nenda mahali pasipo na magari. Anza kwa kusukuma baiskeli tu, uhisi inavyotaka kulala upande mmoja. Kisha panda, simama, panda tena. Funga breki ghafla uone umbali unaochukua kusimama. Geuka kulia na kushoto kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa kuwa hapo ndipo kuyumba kunapozidi. Tazama nyuma ukiwa unakwenda. Usukani ukigeuka nawe, rudia mpaka ubaki umenyooka.

Siku ya kwanza ukianguka, umeangusha mfuko.

8. Kupakia na kushusha

Utaratibu ni mmoja: mtoto ni wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka. Mizigo yote, maji, kufuli, begi, viwe vimeshawekwa. Wewe umeshavaa helmeti yako, umefunga mlango wa nyumba, na simu iko mfukoni.

Egesha baiskeli ukutani, au iweke kwenye stendi ya miguu miwili. Stendi ya mguu mmoja usiitegemee. Kwenye ardhi laini kidogo tu inazama. Simama upande ambao baiskeli inaelekea kuangukia, uikinge kwa nyonga, ushike usukani au siti kwa mkono mmoja mpaka mtoto akae. Pandisha mabegani mikanda yote, funga kifungio, kaza mpaka vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na kifua, kisha funga miguu. Tangu sekunde hiyo mkono wako hautoki kwenye baiskeli mpaka atakaposhuka. Ukikumbuka kuwa umesahau chupa ndani ya nyumba, mshushe kwanza. Ndiyo, atalia. Mshushe.

Kama baiskeli ina mota ya umeme, izime wakati wa kupakia na kushusha. Ukikanyaga pedeli bila kukusudia inaweza kuruka mbele na mtoto akiwa nusu kitini.

Begi la mgongoni halifai na kiti cha nyuma, maana linamkaa mtoto usoni. Mizigo iende kwenye mifuko ya pembeni, chini, au kikapu cha mbele ambacho kinasaidia pia kusawazisha uzito. Kwa tela, unganisha kwanza kiungo na ukanda wake wa akiba, weka breki ya kuegeshea, ndipo uwaingize watoto.

9. Barabarani

Safari ya kwanza iwe ya dakika kumi, na iwe ya kwenda penye kitu anachokipenda. Chagua njia tulivu hata kama ni ndefu. Njia fupi yenye mashimo na malori mwachie anayekwenda peke yake.

Breki anza mapema na utumie zote mbili pamoja. Pita mbali na magari yaliyoegeshwa, mita moja hivi, kwa sababu ya milango inayofunguliwa ghafla. Usione haya kukaa katikati ya njia yako zaidi ya ulivyozoea. Reli za treni zikatize kwa pembe mraba. Kwenye matuta na mashimo punguza mwendo hadi karibu kusimama: wewe unaweza kujiinua kwenye pedeli ukaukwepa mshtuko, yeye anaupokea wote akiwa amekaa. Mlima ukikushinda, shuka usukume.

Usimpe chakula cha kutafuna mkiwa njiani. Yuko nyuma yako, humwoni, na mtoto anayekabwa na chakula hana sauti ya kukuita. Simameni, ale, mwendelee.

Ongea naye kila mara. Mtoto anayejibu yuko macho na yuko sawa. Akinyamaza ghafla pengine kalala, na aliyelala kichwa kinaning'inia kila kona. Viti vinavyolazwa nyuma kidogo husaidia. Visivyolala, simama umtengeneze, au panga safari isigongane na saa yake ya kulala. Na jua kwamba atanyoosha mkono bila taarifa ili ashike ua, jani, au kioo cha gari la mtu. Pita kila kitu kwa nafasi zaidi upande wake.

Wewe unapiga pedeli unapata joto. Yeye amekaa tu na upepo unampiga. Mvalishe nguo moja zaidi yako kukiwa na baridi, na umguse shingo badala ya mikono kujua kama anaona baridi. Wakati wa jua kali angalia mapaja na sehemu ya juu ya miguu, ambayo hubaki uchi kwenye mwanga muda wote.

10. Sheria za unakoishi

Zinatofautiana mno, kwa hiyo zitafute kabla hujatoka. Ujerumani, anayembeba mtoto wa chini ya miaka saba lazima awe na umri wa miaka 16 au zaidi, na kiti kiwe kinazuia miguu isiingie kwenye spoku. Ufaransa, tangu Machi 2017, kila mtoto wa chini ya miaka 12 avae helmeti, anayeendesha na anayebebwa. Australia helmeti ni lazima kwa karibu kila mtu. Uholanzi watu wazima huendesha vichwa wazi bila kuvunja sheria. Mahali pengine kiti cha mtoto hakitajwi popote katika sheria, na hapo kilichoandikwa na mtengenezaji ndicho cha kufuata.

11. Wakati wa kumshusha kabisa

Mpime mtoto kila baada ya miezi mitatu akiwa na viatu na helmeti. Uzito ukifika kikomo kilichoandikwa kwenye kiti, muda wake umekwisha, hata kama anaingia vizuri. Kama bado mwepesi lakini macho yake yamepita ukingo wa juu wa kiti, au mikanda ya mabega sasa inatokea chini ya mabega yake na tundu la juu limeshatumika, pia muda umekwisha. Wengi hufika hapo kati ya miaka minne na sita. Kuanzia hapo kuna baiskeli nusu, ile ya gurudumu moja inayounganishwa nyuma ya yako, ambapo mtoto ana usukani na pedeli zake ila wewe ndiye unayeongoza. Na wale waliozoea kubebwa huwa wanajua tayari kuegemea kona, jambo linalorahisisha sana siku ya kuwapa baiskeli yao wenyewe.